Barua ya wazi kwa madiwani: sababu iandikwe kabla ya kura

Waheshimiwa madiwani, wajumbe wa kamati za mipango miji, nanyi wakurugenzi mnaowaandalia makabrasha,

Nawasalimu kwa heshima. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao vya halmashauri. Nilikaa pembeni mwa meza, kalamu mkononi, mdomo umefungwa. Karani wa vikao hana kura wala hoja, na akicheka anaonekana mtovu wa adabu. Lakini ana kitu ambacho mjumbe hana: anajua yaliyosemwa, anajua yaliyoandikwa, na anajua umbali uliopo kati ya hayo mawili. Nimestaafu sasa. Leo naomba nami nafasi ya kuchangia.

Katika madaftari niliyoyaacha kabatini kuna sentensi moja inayojirudia mpaka inachosha: "Ombi la kubadili matumizi ya kiwanja limejadiliwa na kukubaliwa." Haina kabla wala baada. Huenda mjadala ulichukua saa nzima na watu wakapandishiana sauti. Huenda ulichukua dakika mbili kwa sababu chakula kilikuwa kimeshafika. Anayesoma daftari hawezi kujua. Niliandika hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa na walionitangulia, na pia, nikiri, kwa kuwa mara nyingi hapakuwa na sababu iliyotamkwa ambayo ningeweza kuiandika.

Siku moja afisa mipango miji kijana alikuja ofisini kwangu na swali. Kiwanja fulani kilichokuwa cha makazi kiligeuzwa kuwa cha ghala, kwa nini? Alikuwa na ombi jipya mezani kwake, na mwombaji alikuwa anasema, "Mwenzangu mlimpa, mimi mnaninyimaje?" Swali la haki kabisa. Nikatoa daftari, nikapangusa vumbi, tukasoma pamoja: limejadiliwa na kukubaliwa. Mimi nilikuwepo siku ile. Nilikumbuka kwa mbali kwamba kiwanja cha kwanza kilipakana na reli, na malori yalikuwa na njia yao upande wa nyuma, na kwamba hilo ndilo lililowashawishi wajumbe. Lakini kumbukumbu ya karani si kumbukumbu ya halmashauri. Kiwanja cha pili kilikuwa katikati ya nyumba za watu. Kikakubaliwa, maana hakuna aliyeweza kuonyesha kwa maandishi kwamba kinatofautiana na cha kwanza. Kisha kikaja cha tatu, na cha tatu hakikujadiliwa hata kidogo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtaa ule ulikuwa mali, na daftari lilikuwepo. Lilikuwa tupu tu.

Ombi langu kwenu basi ni moja. Kila mnapopitisha sheria ndogo ya kanda za matumizi ya ardhi, na zaidi kila mnapoibadili, sababu iandikwe na isomwe kwa sauti, ndipo mpige kura. Msipige kura kwanza kisha mkamwachia mwanasheria kazi ya kuitafuta sababu.

Najua wengi wenu mnaijua sheria hii vizuri, ila niruhusuni nikumbushe jambo moja ambalo ajenda zetu hulificha. Sheria ya kanda ina sehemu mbili: maandishi na ramani. Maandishi yanasema nini kinaruhusiwa katika kila kanda, jengo liende juu kiasi gani, likae umbali gani na mpaka, lichukue sehemu gani ya kiwanja. Ramani inasema kanda ipi iko wapi. Mkibadili neno moja katika maandishi, mmegusa maelfu ya viwanja kwa siku moja. Mkibadili rangi moja kwenye ramani, pengine mmegusa kiwanja cha mtu mmoja. Kwenye karatasi ya ajenda yote mawili huchukua mstari mmoja, na wajumbe huyapitisha kwa mwendo uleule. Kumbe ni kazi mbili tofauti. Kubadili maandishi ni kutunga sheria. Kubadili rangi ya kiwanja kimoja kunafanana zaidi na kuamua kesi: yuko aliyekuja na ombi, wako majirani wenye pingamizi, upo ushahidi, na mwisho wa siku yuko anayepata na anayekosa.

Mahakama ya Juu ya jimbo la Oregon, Marekani, ililitamka hilo mwaka 1973 katika shauri la Fasano. Makamishna wa kaunti ya Washington jimboni humo walikuwa wamebadili kanda ya ekari 32 zilizokuwa za nyumba za familia mojamoja ili mwekezaji aweke makazi ya nyumba za kuhamishika. Majirani wakapinga. Mahakama ilisema kwamba kubadili kanda ya kipande mahususi cha ardhi ni kazi ya kihakimu, hata kama inafanywa na chombo kilichochaguliwa kwa kura. Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayetaka mabadiliko: aonyeshe kwamba umma unayahitaji na kwamba yanaendana na mpango mkuu wa eneo. Kadiri mabadiliko yanavyokuwa makubwa, ndivyo na mzigo unavyozidi kuwa mzito. Tena wenye pingamizi wana haki ya kusikilizwa na wajumbe wasio na upande, ambao hawajazungumza pembeni na mmoja wa wahusika, na uamuzi uwe na kumbukumbu pamoja na maelezo ya kutosha. Majimbo mengi hayakuifuata hukumu hiyo, na wapo wanasheria wanaosema iliwafunga madiwani mikono kupita kiasi. Mimi si mwanasheria. Ila niliposoma habari zake kwa mara ya kwanza nilihisi kama kuna mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti changu.

Hilo la kuzungumza pembeni niliache kidogo, nitalirudia.

Utaratibu wenyewe wa kutunga na kubadili sheria za kanda si siri wala si mgeni. Wengi walioutumia waliuchota kwenye sheria ya mfano ambayo Wizara ya Biashara ya Marekani, chini ya waziri wake Herbert Hoover, iliisambaza kwa majimbo miaka ya 1920; toleo lake lililochapishwa lilitoka mwaka 1924 na kurekebishwa mwaka 1926. Kamati ya kanda inaandaa ripoti ya awali, inasikiliza wananchi, inatoa ripoti ya mwisho, na baraza haliruhusiwi kuitisha kikao chake cha kusikiliza maoni kabla ripoti hiyo haijafika. Tangazo la kikao litolewe angalau siku 15 kabla. Kanda ziwekwe kulingana na mpango wa jumla. Na wenye asilimia 20 ya ardhi inayoguswa au inayopakana nayo wakiweka pingamizi la maandishi, mabadiliko hayapiti mpaka robo tatu ya wajumbe wote wa baraza wakubali.

Utaratibu huo umepangwa kwa akili. Mtaalamu anatangulia, mwananchi anafuata, mwanasiasa anakuja mwisho akiwa na sauti za wote wawili mbele yake. Nilichokiona mimi ni mpangilio uleule ukitembezwa kinyumenyume. Mwombaji anaanza kwa kuwatembelea wajumbe mmojammoja. Kisha mchoro unaandaliwa. Kisha mtaalamu anaambiwa atoe maoni juu ya jambo ambalo wakubwa wake wameshalikubali. Tangazo linabandikwa mwishoni kabisa, na wananchi wanaitwa kuja kusema mbele ya watu ambao tayari wana jibu mfukoni. Karani anajua. Anaona nani anafungua kabrasha lake na nani halifungui.

Mkiwa na wajibu wa kuandika sababu, safari hiyo ya kinyumenyume inakuwa ngumu. Sababu inahitaji kutegemea kitu: ripoti ya mtaalamu, maelezo ya majirani, hali ya barabara, uwezo wa mfereji wa maji. Haiwezi kutegemea kikombe cha chai alichokunywa mjumbe nyumbani kwa mwombaji. Na mwenye maslahi katika kiwanja, au nduguye, atoke nje wakati jambo hilo linajadiliwa na kutoka kwake kuandikwe. Kesi ya ngedere tusiipeleke kwa nyani.

Kuna mwenye kusema: haya ni makaratasi tu, mahakama zinawaheshimu madiwani, hazichunguzi sana. Ni kweli zinawaheshimu, mpaka zinapokuta pengo. Tazameni mashauri mawili ya Mahakama ya Juu ya Marekani yaliyopishana kwa miaka miwili. La kwanza ni la kijiji cha Euclid, kando ya jiji la Cleveland, mwaka 1926. Kijiji kilitunga sheria yake ya kanda Novemba 1922. Kampuni ya Ambler, yenye ekari 68, ililalamika kwamba ardhi ambayo kwa viwanda ingeuzwa dola 10,000 kwa ekari, kwa makazi ingeuzwa dola 2,500. Ilishindwa, majaji sita kwa watatu, kwa kuwa mahakama iliona kijiji kina sababu zinazohusu usalama, afya na utulivu wa watu. La pili ni la Cambridge, Massachusetts, mwaka 1928. Mtu mmoja, Nectow, alikuta mpaka wa kanda umepita juu ya ardhi yake na ukanda wa upana wa futi 100 umetengwa kwa makazi tu. Mtaalamu aliyeteuliwa na mahakama alichunguza na kukuta kwamba mpaka ule, pale ulipopita, haumfaidii yeyote katika umma. Jiji likashindwa. Hukumu zote mbili ziliandikwa na jaji mmoja, George Sutherland. Msimamo wake juu ya kanda haukubadilika kati ya 1926 na 1928. Tofauti ilikuwa kwamba mara ya pili hapakuwa na sababu ya kuegemea.

Lakini nisiwafanye mdhani kwamba naogopa kesi mahakamani tu. Kuna jambo zito zaidi, na hapa naomba mnivumilie.

Sababu nyingine haziandikwi kwa kuwa haziandikiki. Mwaka 1917, katika shauri la Buchanan na Warley, Mahakama ya Juu hiyohiyo ya Marekani ilifuta sheria ya jiji la Louisville iliyowakataza watu weusi kuhamia nyumba zilizo kwenye safu yenye wazungu wengi, na wazungu vivyo hivyo upande wa pili. Sheria ile ilikuwa na ubaya uliotajwa waziwazi, na kwa kuwa ulitajwa ukaweza kufutwa. Kilichofuata katika miji mingi kilikuwa kimya zaidi. Kanda za nyumba moja kwa kiwanja kimoja. Ukubwa wa chini wa kiwanja ambao mtu wa kipato cha kawaida hawezi kuununua. Kukataza majengo ya kupangisha. Hakuna neno hata moja la rangi ya mtu, na matokeo yakawa jirani sana na yale yaliyofutwa. Hata katika hukumu ya Euclid, ambayo wapangaji wa miji huitaja kwa fahari, jengo la nyumba za kupanga lililo katikati ya nyumba za familia lilifananishwa na kimelea. Waliokaa ndani ya majengo hayo walikuwa watu.

Ndiyo maana nasema sababu isomwe kwa sauti. "Tunakataa majengo ya kupanga mtaa huu kwa kuwa bomba la majitaka halitoshi" ni sababu. Mtu anaweza kwenda kupima bomba. "Tunakataa kwa kuwa tunataka kulinda hadhi ya mtaa" ni maneno ambayo, yakisomwa kwa sauti mbele ya wapangaji waliokaa viti vya nyuma, yanamfanya msomaji ateremshe macho. Nimewahi kuliona hilo. Mjumbe alianza kusoma pendekezo lake, akafika kwenye neno "hadhi", akasita, akaomba lirudishwe kamati. Lilirudi baada ya miezi likiwa limebadilika, na si haba.

Mtaniambia kwamba watu wataandika sababu za uongo. Wataandika, naam. Lakini uongo ulioandikwa una tarehe na saini, na una jirani anayeweza kuja na futi ya kupimia. Ukimya hauna kitu cha kupimwa.

Sasa nije kwenye tangazo, maana sababu nzuri iliyosomwa kwenye ukumbi mtupu haisaidii. Mama mmoja alikuja dirishani kwangu na karatasi aliyoikuta imebandikwa kwenye nguzo. Iliandikwa namba ya kitalu, namba ya mchoro, kifungu cha sheria na maneno "kubadili matumizi kutoka kanda ya kwanza kwenda kanda ya nne." Alitaka kujua inamhusu? Ilimhusu: ni nyumba ya pili kutoka kwake. Kikao kilikuwa kimefanyika jana yake. Tangazo lilitimiza sheria kwa kila herufi, na aliyelengwa hakulielewa mpaka siku imepita. Siku 15 za ile sheria ya mfano ni kiwango cha chini kilichoandikwa wakati magazeti yalisomwa kila nyumba. Andikeni kwa lugha ya watu: hapa panapendekezwa kujengwa ghala la urefu huu, malori yatapita njia hii, njoo useme siku hii. Mpeleke kwa mkono kwa wenye nyumba na kwa wapangaji pia, kwa sababu anayepanga ndiye anayelala pale.

Wala msijidanganye kwamba mkibadili sheria ya mji mzima kwa mkupuo hamdaiwi kumpa taarifa mtu mmojammoja. Jiji la Austin, Texas, lilishika njia hiyo lilipoandika upya kanuni zake zote za ardhi: lilidai kwamba kuwapelekea taarifa wenye viwanja na kupokea pingamizi zao ni kwa ajili ya mabadiliko ya kiwanja kimoja, si ya mji mzima. Mwaka 2020 mahakama ilikataa hoja hiyo, na mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo. Kazi ya miaka ikasimama. Binafsi nadhani mji ule ulihitaji nyumba zaidi na mabadiliko yenyewe hayakuwa mabaya. Ndiyo maana inauma.

Kuhusu ile kanuni ya asilimia 20, nina mashaka nayo. Inahesabu ardhi, haihesabu watu. Mwenye eneo kubwa anaweza kuwazuia wengi peke yake, na mpangaji hahesabiki kabisa. Kama halmashauri yenu ina kanuni ya namna hiyo, pingamizi nalo liandikwe sababu. "Sitaki" pekee isitoshe kwa jirani, kama ambavyo "tumekubali" isitoshe kwenu.

Sipingi mabadiliko, wala sitaki mdhani kwamba karani mzee anataka ramani igande. Ile ardhi ya Ambler iliyozuiwa viwanda na kijiji cha Euclid, na kuleta hukumu inayosomwa hadi leo, ilikuja kujengwa kiwanda wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ramani zote huzeeka. Tofauti iko kwenye namna ya kuzibadili: ama mnakaa kila baada ya miaka kadhaa, mnautazama mpango wote na kusema wapi tulikosea, ama mnabandika kiraka hapa na kiraka pale kwa kila anayekuja na ombi, mpaka kitambaa chenyewe hakionekani. Nchini Japani aina za kanda zimewekwa na sheria ya taifa, sasa ni 13, na mji unachagua ipi iende wapi. Haubuni kanda mpya kwa ajili ya mteja mmoja. Si lazima muige, lakini inapunguza ushonaji wa viraka.

Vivyo hivyo na ule msamaha wa masharti anaopewa mwenye kiwanja chenye umbo baya au mteremko mkali. Ni dawa nzuri kwa ugonjwa uliokusudiwa. Siku hizi unagawiwa kwa yeyote ambaye masharti yanampunguzia faida, na hapo unakuwa mlango wa nyuma wa kubadili sheria bila kuibadili. Ugumu uwe wa ardhi, si wa mfuko. Na ugumu huo nao uandikwe: ni upi, umepimwaje, na kwa nini jirani yake hana.

Haya hayahitaji bajeti wala safari ya mafunzo. Yanahitaji karatasi ya ajenda yenye nafasi kubwa kidogo. Chini ya neno "Azimio", ambapo leo kuna mstari mmoja, wekeni kumi. Juu yake pachapwe maswali matatu: mpango mkuu unasema nini kuhusu eneo hili, kimebadilika nini tangu upitishwe, nani alipinga na amejibiwa vipi. Mwenyekiti asiitishe kura mpaka mistari ile imejazwa na karani ameisoma. Ikishindikana kujazwa siku hiyo, ombi lisubiri kikao kingine, na mwombaji aambiwe ni kwa nini.

Karani wenu wa sasa anaijua mistari hiyo ingejazwaje. Muulizeni. Hana kura, ila amekuwa akisikiliza.

Wenu mtiifu,

Karani mstaafu wa vikao